Siku ya Idi Mama Alipomwosha Bisi Kichwa

Nilipokuwa na umri wa miaka minane nilimwona msichana mmoja akinyamaza mahali ambapo neno moja tu lingetosha, na mpaka leo, nikiwa nimeshawazika wengi wa waliokuwemo katika habari hii, sijajua kwa nini alinyamaza. Jina lake Bisi. Mama yangu alikuwa akimfungua kitambaa kichwani, na Bisi alijua kwamba kitambaa kile hakikutakiwa kufunguliwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake mzazi. Alikuwa mtoto msemaji, wa kubishana na mwalimu darasani, na Mama alimpenda kiasi kwamba angemsikiliza. Hakusema kitu. Alitazama vidole vya miguu yake, akaacha kifunguliwe.

Nimemwuliza mara mbili tulipokuwa watu wazima. Mara ya kwanza alisema hakumbuki. Mara ya pili alisema, "Mama yako alikuwa na furaha sana asubuhi ile, Rukia. Wewe ungeweza kumkatiza?" Nimeyapokea majibu yote mawili, na hakuna hata moja lililonitosha.

Tulikuwa tukikaa Hounslow, kwa Waingereza, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya kupanga iliyopitiwa na ndege chini mno, hata vikombe vikawa vinagongana kabatini. Sisi tulikuwa chini, vyumba viwili. Mama Bisi na binti yake walikuwa juu, chumba kimoja. Bafu lilikuwa katikati ya ngazi na lilikuwa letu sote. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi. Kule Baba alikuwa mwalimu. Hapa aliosha vyombo katika jiko linalopika chakula cha abiria wa ndege. Mambo ya kule hakupenda kuyasimulia, ila akisikia mtu anamsema mwenzake kwa dini yake au kwa asili yake, alikuwa akiinuka bila ya kuaga, akaenda uani kuvuta sigara.

Mama Bisi alikuwa Myoruba. Alikuwa nesi msaidizi, na zamu zake nyingi zilikuwa za usiku. Mumewe alirudi Nigeria kuangalia mambo ya kiwanja cha baba yake, akawa hana haraka ya kurejea. Kwa hiyo Bisi alikuwa akilala kwetu, kitanda kimoja na mimi, na miguu yake ya baridi akinibandika mgongoni. Mama hakuwa na Kiingereza kingi, na Kiingereza cha Mama Bisi kilikwenda mbio, lakini wale wawili walikuwa wakielewana kwa namna ambayo Baba aliiita muujiza mdogo.

"Mama Rukia!" angepiga kelele kutoka juu ya ngazi, kwa Kiingereza chake. "Wali huo unanukia mpaka kwangu. Unataka nichelewe kazini nifukuzwe?"

Mama angemjibu kwa Kiswahili, "Shuka basi, nani kakufunga miguu?" Na yule angeshuka, kama aliyefahamu kila neno.

Jumapili alivaa kofia yake ya manyoya akaenda kanisani. Sisi tulikuwa na sala zetu. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe zaidi ya hapo. Nikifikiri sasa, naona tuliita adabu kitu ambacho kwa upande mmoja kilikuwa woga.

Bisi alikuwa na sikio bovu. Lilianza kutoa usaha kabla sijamjua, na mwaka ule maradhi yaliingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Madaktari wakasema apasuliwe, wakampangia Jumatatu. Idi ikaangukia Jumamosi kabla yake.

Jioni ya kuamkia Idi jiko letu lilikuwa limejaa moshi wa maandazi na sauti ya Mama akimgombeza mdogo wangu Nassor, aliyekuwa akiiba tambi mbichi. Mama Bisi akashuka na sare yake ya kazi, amemshika Bisi mkono. Bisi alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, kimekaza kuanzia juu ya nyusi mpaka kisogoni.

"Nimemfunga kichwa," alisema. "Nikirudi asubuhi nitamfungua mwenyewe."

Alisema haraka, akitazama saa, na hakutoa sababu. Mama akadhani ni mambo ya sikio na baridi. Alimbusu Bisi shavuni, akamtia andazi mkononi.

Usiku Bisi alilala chali, kanyooka, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Nilimwuliza kama sikio linamwuma. Akasema haliumi.

Asubuhi Mama Bisi hakurudi kwa wakati wake. Tulikuja kujua baadaye kwamba nesi wa zamu ya mchana alikuwa mgonjwa, na yeye akalazimishwa kubaki wodini. Kwetu kulikuwa na pilikapilika za Idi: ubani unafuka, Baba anatafuta kofia yake iliyo kichwani kwake, maji ya moto yanagombaniwa. Mama alimwogesha Nassor, akaniogesha mimi, akanivisha gauni langu jipya la rangi ya waridi. Kisha akamwona Bisi amekaa pembeni ya kitanda na gauni la kulalia na kile kitambaa.

Lazima niseme jinsi Mama alivyolelewa. Kwao, mtoto wa watu akilala nyumbani kwako, hupati ruhusa ya kumfanyia pungufu kuliko unavyomfanyia wako. Ukiwapaka wako mafuta, na yeye unampaka. Kumwacha mgeni mdogo bila ya kuoga asubuhi ya Idi, huku watoto wa nyumba wananukia, ilikuwa ni aibu ambayo hata Mungu angeiuliza. Sidhani Mama alifikiri hata kidogo. Alimwona mtoto aliyesahauliwa, na moyo ukamwuma.

"Njoo mwanangu," akasema. "Mama yako kachoka huko. Njoo nikufanye uwe bi harusi."

Hapo ndipo alipomfungua kitambaa na Bisi akanyamaza.

Chini ya kitambaa, utosini, kulikuwa na kitu kama uji mzito uliokauka: vipande vidogo vyeupe, vingine vyekundu vilivyotafunwa, na harufu ya nazi na ya kitu kichungu nisichokijua. Mama alirudisha mkono nyuma. "Ya Rabbi, mtoto huyu kapakwa nini?" Kisha akacheka kidogo, akanambia kwamba kila watu na dawa zao. Alichukua pamba, akaichovya mafuta, akaliziba lile sikio bovu kwa uangalifu ambao bado nauona, tone la maji lisije likaingia. Halafu akakiosha kile kichwa kwa sabuni, mara mbili, akisugua utosi kwa ncha za vidole, akiimba kwa sauti ya chini. Alimpaka mafuta ya nazi. Alimsuka mistari iliyonyooka kama reli. Akamvisha gauni langu la Idi iliyopita.

Bisi alipendeza. Tuliambiwa na kila aliyeingia kwamba tumefanana.

Mama Bisi aliingia adhuhuri, na Bisi alikuwa mezani anakula tambi. Alisimama mlangoni bila ya kuvua koti. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kichwani.

"Nani amefungua kichwa chake?"

"Mimi!" alisema Mama kwa Kiingereza chake, mwenye fahari. "Mimi naosha, mimi nasuka. Leo Idi!"

Mama Bisi alikaa kwenye ngazi. Akaupakata mkoba wake. Kisha akainuka, akaingia, akamkumbatia Mama, akasema asante, amependeza. Alikula sahani nzima ya biriani. Sijui ni nguvu gani mtu anahitaji ili ale sahani nzima ya biriani katika hali ile, na Mama, ambaye alikuwa akijivunia upishi wake, alimwongeza.

Jumatatu Bisi akapasuliwa. Waliuondoa ubovu uliokuwa mfupani na maisha yake yakawa salama, lakini sikio lile halikusikia tena, na upande mmoja wa uso wake ukaanguka. Jicho likawa halifumbi vizuri, mdomo umevutwa upande, maji yakimtoka akinywa. Madaktari walisema ni hatari inayojulikana katika upasuaji wa aina ile, kwa sababu mshipa wa fahamu wa uso unapita mle mle. Walisema wangependa kuingia tena mapema, kuona kama mshipa umebanwa na unaweza kuachiliwa. Kila siku inayopita, walisema, matumaini yanapungua.

Mama alikwenda kumtazama na chupa ya uji, nami nikiwa naye. Bisi alikuwa amefungwa bandeji kubwa. Alinywa uji kwa kijiko, Mama akimpangusa kidevu, na katikati ya kijiko na kijiko akasema, kwa Kiingereza, kama mtoto anayetoa habari za shule:

"Anti, kichwa changu hakikumaliza kula."

"Anasema nini?" Mama aliniuliza.

Nikamtafsiria. Mama akataka kujua maana yake. Bisi akaeleza: mama yake alikilisha kichwa Ijumaa, ili kikubali na kisimame naye akipasuliwa, kilitakiwa kikae na chakula chake mpaka mama arudi na akifungue, na Anti akakiosha. Hapakuwa na lawama katika sauti yake. Nilitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, na nikaona uso wa Mama ukibadilika kila nilipofungua mdomo.

Kwenye basi tulipitiliza kituo chetu. Nilimgusa mkono nikamwambia, akasema, "Najua," lakini hakuinuka.

Tangu siku ile Mama hakunichana nywele. Alinipa kitana mkononi. "Wewe mkubwa sasa, jichane." Na Nassor, aliyekuwa na desturi ya kulala kichwa kikiwa mapajani mwake, alianza kusukumwa taratibu, kama mtu anayesogeza mto. Mimi nilidhani tumefanya kosa. Nilikaa nikilitafuta kosa letu, nikajitengenezea mawili matatu, nikawa nayaombea toba kitandani, penye nafasi tupu ya Bisi.

Niliwasikia wazee wangu Jumapili asubuhi, Baba amerudi kazini, mikono yake imevimba kwa maji ya moto.

"Zuhura," alisema Baba, "unaniambia kwamba kipande cha nazi kingeuzuia mkono wa daktari? Ukiamini hivyo, hiyo ni shirki, na wewe unaijua."

"Siiamini nazi."

"Basi unalia nini?"

"Hebu niambie. Nassor alipokuwa na homa ile kule nyumbani, ulimwandikia kombe. Uliandika aya kwenye sahani kwa zafarani, ukaiosha kwa maji ya waridi ili anywe. Angetokea jirani, mtu mwema tu, akaiona sahani chafu, akaisuza akaimwaga. Ungesema nini?"

"Kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu."

"Mimi sikuulizi ni maneno ya nani. Nakuuliza ungesema nini."

"Ningesema hakujua."

"Na yeye, yule jirani? Angelala?"

Nikasikia kiti kikisogezwa, na mlango wa uani ukifunguliwa. Baba alikwenda kuvuta sigara.

Nimesoma mengi tangu wakati ule, vitabu vya watu waliochunguza dini ya Wayoruba na vya watu waliochunguza dini yetu, na siku hizi huwa naona kwamba Baba alikuwa na haki katika alilolisema, na Mama alikuwa na haki katika alilolisema, na kwamba hawakuwa wakizungumza jambo moja. Baba alikuwa akizungumza juu ya nini kinachoweza nini. Mama alikuwa akizungumza juu ya mkono wake, ulioingia mahali ambapo mama mwingine alikuwa ameweka ombi lake, ukalifuta kwa sabuni.

Mama alipanda ngazi alasiri ile ile, na akanichukua mimi niwe mkalimani. Mama Bisi alikuwa amekaa kitandani na viatu vya kazini. Mama hakukaa.

"Mwambie nimekuja kuomba radhi. Mwambie Bisi kanieleza. Mwambie sikujua, lakini kutokujua kwangu hakunipi usingizi."

Nilisema nilivyoweza. Mama Bisi alisikiliza mpaka mwisho, akamvuta Mama mkono, akamkalisha.

"Sasa mwambie mama yako na langu," alisema. "Mama yangu alimtuma mtu mzima kutoka kwetu Abeokuta aje anikabidhi kola, zile kokwa nyekundu chungu, mkononi na aniambie: kisu kisiguse kichwa cha mjukuu wangu kabla hakijala. Nikakilisha. Unajua nilikilishaje? Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nikawasha redio ili ninyi wa chini msisikie. Niliwaogopa ninyi, nikawaogopa wenzangu wa kanisani. Nikakilisha kichwa cha mwanangu kama mtu anayemlisha mfungwa. Kichwa hakipendi hivyo. Kinataka kula na watu, watu wakiombee. Ningekwambia neno moja tu pale jikoni, ungekilinda kile kitambaa kuliko mimi."

"Ningekilinda," alisema Mama, nilipomaliza kumtafsiria.

"Najua. Ndiyo maana na mimi silali."

Wakakaa hivyo, kila mmoja akigombania lawama kama watu wanaogombania kulipa nauli ya mwenzake. Halafu Mama akauliza lile lililokuwa likimtisha.

"Huyu anayelishwa ni nani? Ni pepo?" Maana kwetu pepo ndiye anayepanda kichwani, akataka vyakula vyake na vitambaa vyake.

Mama Bisi alicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. "Si pepo! Ni Bisi. Yule Bisi wa ndani. Kabla hatujaja duniani, kila mtu alikwenda kwa mfinyanzi wa vichwa akapiga magoti akachagua chake. Vingine vimechomwa vizuri, vingine vibichi, mvua ikinyesha vinamomonyoka, na kwa macho huwezi kuvijua. Ukishachagua, ndicho hicho. Hakuna anayeweza kukupa kitu ambacho kichwa chako hakikukubali, hata wakubwa wa mbinguni. Kwa hiyo unakiheshimu. Unakipa maji, unakipa nazi, unakiambia: usiniache."

Mama alifikiri. "Kama ni Bisi," alisema polepole, "Bisi nimekuwa nikimlisha miaka yote hii."

"Sasa umeanza kuelewa."

"Lakini bado si mambo yetu."

"Mambo yenu!" Mama Bisi akanigeukia mimi. "Mwulize mama yako, wewe ulipozaliwa, siku ya saba walikufanya nini."

Nilijua. Nilinyolewa nywele, akachinjwa mbuzi.

"Eh! Mnamnyoa mtoto, mnakula mbuzi, watu wanaitwa. Halafu mnaniambia kichwa si kitu?"

"Ile ni suna," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile pembe za mdomo wake zikainuka.

"Na hii ni suna ya kwetu."

Hata hivyo hapakuwa na mzaha katika alilolisema mwisho. Madaktari walitaka kumrudisha Bisi kwenye kisu Jumanne. Yeye hajakubali. Hatakubali kisu kikiguse tena kichwa chenye njaa, hata wamwite mshamba, hata wamwandikie kwamba ni mama mbaya. Na mara hii hatakilisha kwa kujificha. Kwa hiyo anatuomba sisi tuwe watu wa kula nacho.

Kilichokuwa hatarini, basi, ni uso wa Bisi, na siku zilikuwa zinakwenda.

Nataka niseme mapema yaliyotokea baadaye, ili msomaji asikae akingojea muujiza. Upasuaji wa pili ulifanyika. Mshipa ulikuwa umebanwa kweli, wakauachilia, na katika miezi iliyofuata uso wa Bisi ulirudi karibu wote. Anapochoka tu ndipo jicho moja linapochelewa. Sikio halikurudi. Madaktari walisema uso umerudi kwa sababu waliwahi. Baba alisema umerudi kwa rehema za Mungu. Mama Bisi alisema kichwa kimekubali. Walikuwa wakilisema hilo kila mmoja kwa furaha yake, hata mbele ya wenzake, na hakuna aliyekasirika. Uso uligawanywa, kila mtu akapata sehemu. Sikio lilibaki la Mama peke yake. Kwa maisha yake yote, Bisi alipomtembelea, Mama alikuwa akihamisha kiti chake aende upande unaosikia, na kabla hajakaa, usoni mwake kulikuwa kunapita kitu, haraka, ambacho mgeni asingekiona. Niliwahi kumwambia, nikiwa nimeshasoma na kujiona najua, kwamba lile sikio lilikuwa limeshaoza kabla hajaligusa, na kwamba yeye hasa ndiye aliyeliziba kwa pamba. Akasema, "Najua, mwanangu. Madaktari wameniambia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na sabuni." Nimeacha kumwondolea mtu yeyote hatia kwa hoja. Huenda kwa Mama ile hatia ndiyo ilikuwa heshima yake ya mwisho kwa kitu cha wenzake ambacho hakukiamini na ambacho alikigusa.

Jumapili ile, basi, mambo yalirudi kwa Baba. Mama alimweleza yote, hakuficha. Nilitarajia atatoka kwenda uani, lakini alikaa na mikono yake iliyovimba juu ya meza.

"Nimeona watu wakiingiliwa majumbani mwao," alisema, "kwa walichodhaniwa kuwa nacho moyoni. Sitaki nyumba yangu iwe na mtu anayewasha redio kwa kuniogopa." Kisha: "Mimi sitakula. Na sitataja jina lisilokuwa la Mola wangu. Lakini wafanyie hapa chini, chumbani kwetu, na mlango uwe wazi. Mimi nitakaa mlangoni, nisije nikasema sikuwepo."

Ikaamuliwa hivyo. Hospitali ilimruhusu Bisi kurudi nyumbani mpaka Jumatatu jioni, na Jumatatu mchana, kabla hajarejeshwa, ndiyo ikawa siku. Mama Bisi angeomba kwa maneno yake. Kola nyingine haikupatikana, naye akasema nazi na maji na samaki vinatosha kwa mtoto. Mama angevitayarisha. Na Mama Bisi alishikilia sharti moja: mkono utakaokigusa kichwa uwe ule ule uliokiosha.

Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kununua nazi, kwa Mhindi aliyetoka Kampala, akazitikisa moja moja sikioni kama alivyokuwa akifanya mke wake. Mama aliivunja moja kwa mgongo wa kisu. Alitandika mkeka wetu wa kusalia? Hapana, nakumbuka aliukunja ule akauweka juu ya kabati, akatandika mkeka mwingine. Bisi akakaa katikati, bandeji upande mmoja, utosi wazi. Bakuli la maji baridi mbele yake, sahani ya nazi, sahani ya samaki mkavu. Mama Bisi alipiga magoti akaanza kusema kwa lugha yake, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mtu, akilitaja jina la Bisi kwa urefu wake wote, na majina mengine ambayo nadhani yalikuwa ya wazee wao. Mlangoni midomo ya Baba ilikuwa inatikisika. Alikuwa akisoma vyake. Ndege ikapita. Wote wawili wakasubiri ipite, wakaendelea.

Mama Bisi akamtazama Mama.

Mama alichovya mkono wake wa kulia majini. Akauinua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na mkono ukabaki hapo hewani juu ya kichwa cha Bisi, hauendi mbele wala haurudi.

"Siwezi," alisema. "Mwambie, Rukia. Si dini. Mkono huu hauwezi."

"Na wangu ulilisha kwa kujificha," alisema Mama Bisi. "Wangu pia haufai."

Wakatazamana juu ya mtoto. Nassor alikuwa akiziangalia nazi. Baba aligeuza uso, akatazama barabarani, na hakuna mtu mzima ndani ya chumba kile aliyejua sasa nini kifanyike.

"Ni changu," alisema Bisi.

Alilisema kwa mdomo wake uliopinda, kwa hiyo lilitoka polepole. Kisha akachovya vidole vyake bakulini, akavipeleka kwenye paji la uso, akavipeleka utosini, akavipeleka kisogoni, akiizunguka bandeji. Mama yake akayashika tena maneno pale alipoyaachia. Bisi akachukua kipande cha nazi, akakigusisha utosini, akakitafuna kwa upande uliokuwa bado unafanya kazi. Akachukua kingine, akakigusisha vile vile, akamnyooshea Mama.

Mama akasema bismillahi, akakila.